Nani Apande Mnyaa wa Kona?

Kaeni vizuri. Mwenye simu aifunge, na aliyezoea kusinzia asogee hapa mbele nimwone. Hadithi yangu ina swali mwishoni, nami nitapita mmoja mmoja kudai jibu. Niliwahi kuisimulia kwenye arusi, bwana arusi akajibu lake na bibi arusi lake, wakanuniana siku tatu. Kwa hiyo nimewaonya.

Katika kitongoji cha Kwemashindo, pembeni mwa shamba kubwa la mkonge, waliishi watu watatu waliobobea katika mambo ya viwanja na nyumba, kila mmoja kwa kipaji chake.

Mzee Semboja alisoma karatasi. Alikuwa na nyumba saba za kupangisha, na hakuna hata moja iliyomfikisha mahakamani. Ukimpa mkataba aliuinua kwenye mwanga, akaunusa, kisha akausoma kuanzia chini kwenda juu. Alisema mwongo huanza na nguvu nyingi, lakini akifika kwenye sahihi huwa ameshachoka.

Bi Somoe alisoma udongo. Ungempeleka kwenye kiwanja wakati wa kiangazi, ardhi imepasuka, naye angekuonyesha kwa kidole maji ya masika yatakapopita. Zamani alikuwa na mashamba manne ya kwake. Wanawe waliyauza moja baada ya jingine, na sasa mama huyu aliyewachagulia watu ardhi miaka thelathini alikuwa anaishi chumba cha kupanga, dirisha lake linatazama ukuta wa choo cha jirani.

Mama Hiza alisoma watu. Alianza udalali akiwa msichana, akaja kupata mgahawa wake pale stendi. Akiwa nyuma ya birika la chai alijua nani anauza, nani anasema hauzi huku anauza, na nani hasemezani na nani tangu mwaka gani.

Sasa niwalete wageni wa mambo hayo. Mdoe alifanya kazi kwenye mashine ya mkonge miaka ishirini na sita, akilala kota za kampuni na mkewe Chausiku. Shamba likafungwa. Wakapewa kiinua mgongo na barua inayosema funguo za kota zirudi mwisho wa mwezi wa tisa. Hawakuwa na nyumba kwingine kokote. Chausiku akasema, "Mume wangu, tununue kiwanja, tujenge vyumba vinne. Kimoja tulale, vitatu tupangishe, tuzeeke tukila kodi."

Wazo zuri kabisa. Ila nani waliyemwomba ushauri? Mdogo wake Mdoe, ambaye hajawahi kumiliki hata banda la kuku! Mimi nacheka, lakini nacheka kwa uchungu, maana na mimi niliwahi kununua kiwanja kwa kuoneshwa picha. Basi, wakanunua kwa Mzee Ngoda, mtu mwaminifu, wakaandikishana vizuri. Miezi minne baadaye Mzee Ngoda akafariki. Mungu amrehemu.

Kosa lao halikuwa kwa Ngoda. Kosa lilikuwa kwenye mpaka.

Kwemashindo mpaka hupandwa minyaa, ile miti ya vijiti vya kijani yenye utomvu mweupe unaochoma. Na hupandwa kwa desturi. Kila jirani huja mwenyewe, huweka mkaa kidogo ndani ya shimo, hushika kijiti cha mnyaa kwa mkono wake na kukipanda upande wake. Mkaa hauozi, na mkono wa jirani ndio ushahidi. Mpaka aliopanda mwenye kiwanja peke yake, kwa watu wa huko, ni ua tu, hauzuii kitu.

Mdoe na Chausiku hawakulijua hilo. Miaka ishirini na sita waliishi kwenye kota, ambako mipaka ni ya kampuni. Na walikuwa watu wenye adabu. Wakaona, hawa majirani ni wazee, tuwasumbue jua lote hili? Wakaajiri vibarua, minyaa ikapandwa asubuhi moja, kisha Chausiku akapika pilau na kumpelekea kila jirani sahani mlangoni, yenye nyama ya kutosha. Majirani wakaila. Halafu wakaudhika. Aliyeudhika kuliko wote ni Bi Mwanamvua, ajuza wa upande wa juu. Alirudisha sahani bila kuiosha, na Chausiku hakuelewa ile sahani ilikuwa inamwambia nini.

Msingi ukajengwa. Tofali zikapanda hadi kwenye madirisha. Pesa ikaisha hapo, lakini walikuwa na mabati, wakasema tutahamia hivyo hivyo.

Zikiwa zimebaki wiki tatu warudishe funguo, Jumatatu asubuhi, likaja tipa na kumwaga mchanga ndani ya chumba walichokusudia kulala. Akashuka Kiangio, mwenye shamba la upande wa mashariki.

"Mmejenga kwangu," akasema.

"Kwako vipi, ndugu yangu?" Mdoe akauliza. "Tumeuziwa na Mzee Ngoda."

"Ngoda amewauzia shamba langu. Mimi nimenunua mpaka kwenye njia, karatasi hii hapa. Nyie mna mpaka? Nani alipanda huo mpaka wenu? Niitie jirani mmoja aliyeweka mkono."

Mdoe akamtazama mkewe. Hakuwepo hata mmoja wa kuitwa. Baraza la kitongoji likapangwa Jumamosi, na mwenyekiti akawaambia wazi kwamba wasipoleta kitu cha maana watabomoa wenyewe.

Mdoe aliketi juu ya ule mchanga na hakuinuka. Alikuwa mtu wa miaka sitini anayelia bila kujificha uso. Chausiku akamwacha pale, akajifunga khanga kiunoni na kutoka. Sasa ndipo alipokwenda kwa wale aliopaswa kuwaendea tangu mwanzo.

Kwanza alifika kwa Mzee Semboja. "Mzee wangu, nakufa nikiwa nimesimama," akamwambia. "Ukikiokoa kiwanja changu, ile kona yake ya barabarani ni yako. Naapa."

Semboja akasema, "Niletee karatasi ya huyo mtu niione."

Kisha akaenda kwa Bi Somoe, akapiga magoti kwenye ile korido ya wapangaji. "Mama, sina pa kulala mwezi ujao. Ukikiokoa kiwanja changu, kona ya barabarani ni yako. Naapa."

Bi Somoe akasema, "Nipe jembe."

Mwisho akaenda mgahawani kwa Mama Hiza, akaomba maji ya kunywa. "Shoga yangu, nimekwisha. Ukikiokoa kiwanja changu, kona ya barabarani ni yako. Naapa."

Mama Hiza akasema, "Kaa hapo kwanza. Nani ameudhika?"

Nawaona mnavyotazamana. Kona moja, viapo vitatu! Lakini msimwite tapeli. Alikuwa ametembea tangu asubuhi bila hata chai, na aliamini wawili kati yao watamfukuza. Hakuna aliyemfukuza.

Semboja alikwenda kwa mwenyekiti, akaomba karatasi ya Kiangio, akaiinua kwenye mwanga, akaisoma kuanzia chini. Shahidi alikuwa marehemu Shekifu, na mbele ya jina lake palikuwa na dole gumba. Shekifu alikuwa karani wa mizani shambani, mwandiko wake ulisifiwa hadi ofisi kuu, na alipanga kwenye nyumba ya Semboja miaka tisa. Mtu kama huyo aweke dole gumba kwa sababu gani? Semboja alikuwa na barua za Shekifu kabatini. Angezileta, uongo ungekwisha hapo hapo. Ila kulikuwa na jambo ambalo sijawaambia. Kiangio alikuwa mkwewe, mume wa binti yake wa pekee, Namsifu. Semboja alizipeleka barua kwa mwenyekiti. Ijumaa, kabla hata baraza halijakaa, Kiangio alimrudisha Namsifu kwa baba yake na watoto wawili na godoro moja, na akasema nyumba yake haitaki tena damu ya Semboja.

Bi Somoe alikwenda kiwanjani na jembe. Alitembea akitazama chini, akiponda udongo kwa vidole, akiuonja hata. Akasema minyaa ya zamani iling'olewa na shamba likalimwa, lakini udongo uliochimbwa ukarudishwa haushiki kama ule usioguswa. Akachimba siku mbili, mtu wa miaka sabini. Siku ya pili akaukuta mkaa, shimo baada ya shimo, mstari ulionyooka ukipita hatua sita kule ng'ambo ya msingi, upande wa Kiangio. Mpaka wa zamani, na nyumba ilikuwa ndani yake. Shimo moja lilikuwa na kisiki cha mnyaa ambacho hakijafa. Alipokipiga jembe, utomvu ukaruka na kumwingia jicho la kushoto. Walimmwagia maji, wakamkimbiza zahanati, wakamfunga bandeji. Daktari alimwambia jicho hilo litaona kivuli tu. Bi Somoe akauliza kama angeweza kurudi kuhesabu mashimo yaliyobaki.

Mama Hiza alikwenda kwa Bi Mwanamvua. Yule ajuza ndiye pekee aliyebaki kati ya waliokuwepo ule mpaka wa zamani ulipopandwa. Lakini Mama Hiza naye hakuwa amekanyaga uwanja wake miaka kumi na mmoja. Alikaa kibarazani akimenya mihogo na ajuza bila kuongea, kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri. Bi Mwanamvua akasema, "Nyie watu hamna haya. Mnanipa pilau kama ombaomba, na kumbe mnautaka mkono wangu." Mama Hiza akamwita Chausiku aje kuomba radhi, na Chausiku akalia miguuni pa ajuza. Haikutosha. Ajuza akamgeukia Mama Hiza. "Na wewe? Wewe huna la kuniambia?" Hapo Mama Hiza akasema lile alilolificha miaka kumi na mmoja. Marehemu mwana wa Bi Mwanamvua alipokuwa mgonjwa, aliuza kipande chake pale stendi kwa bei ya kutupa, na dalali aliyemshawishi, kisha mwenyewe akakinunua kwa jina la mtu mwingine, alikuwa yeye. Mgahawa umesimama juu ya ardhi hiyo. "Nakurudishia," akasema. "Kesho nitaondoa masufuria yangu." Na kesho yake akaondoa. Bi Mwanamvua akavaa viatu, akasema yuko tayari kwenda barazani.

Jumamosi baraza likakaa. Mwenyekiti akasikiliza barua za Shekifu, akaenda kuona mkaa, akamsikiliza ajuza akitaja waliopanda, nani alisimama wapi na nani alileta mkaa kwenye ungo. Kisha akasema maneno haya, na myakumbuke.

"Karatasi ya Kiangio ni ya uongo, lakini uongo wake haufanyi kiwanja kuwa chenu. Mkaa ni wa kweli, lakini mkaa hausemi ni wa nani. Bi Mwanamvua ni mkweli, lakini ana miaka themanini na mitatu, na kwa neno lake peke yake nisingetosheka. Vyote vitatu pamoja nimeridhika. Kimoja kingekosekana, mngebomoa."

Chausiku alianguka pale pale, wakampepea. Mdoe alimkumbatia mwenyekiti, kisha mlinzi, kisha mtu aliyekuwa anapita tu.

"Ngojeni," mwenyekiti akasema. "Mpaka upandwe upya kwa desturi ndani ya siku saba, kabla ya jua kuzama siku ya saba. Upande wa Kiangio nitapanda mimi kwa niaba ya baraza. Upande wa juu atapanda Bi Mwanamvua. Upande mmoja ukikosa mkono, shauri linarudi mwanzo."

Mama Hiza akasimama. "Na mimi nitapanda wa kona, mwenyekiti. Kona ni yangu. Chausiku aliniapia."

"Alikuapia wewe?" Mzee Semboja akauliza.

Bi Somoe akageuza lile jicho moja. "Aliniapia mimi, amepiga magoti."

Mwenyekiti akamuuliza Chausiku kama ni kweli, naye akaitikia kwa kichwa tu.

"Basi mwenye kona ni jirani yenu, na lazima mkono wake uwepo," mwenyekiti akasema. "Neno ulilitoa ukiwa na shida, na limekusaidia. Siwezi kukuruhusu ulirudishe. Mtaje mmoja."

Najua mnataka kuniambia wagawane. Mwenyekiti aliipima ile kona kwa hatua, sita kwa nne. Ukiigawa mara tatu unapata mahali pa kuweka mlango, si chumba. Mtaniambia wauze. Kule ardhi iliyotoka barazani haiuzwi mpaka mwaka upite. Mtaniambia Chausiku awapangishe wawili kwenye vyumba vyake bure. Aliwaambia hivyo. Wote watatu walikataa, na sababu walizitoa siku ya saba mbele ya lile shimo la kona, maana siku sita zote zilipita watu wakibishana na hakuna aliyerudi nyuma.

Siku ya saba alasiri, watu wote wamesimama kiwanjani. Mwenyekiti ameshapanda upande wake. Bi Mwanamvua ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, kijiti cha mnyaa mkononi. Alisema hatapanda hadi mwenye kona ajulikane, maana hataki tena kupanda mpaka wenye ugomvi. Na asubuhi inayofuata mjukuu wake anamchukua kwenda Handeni, harudi tena. Kando ya barabara Kiangio ameegesha tipa lake, limejaa mchanga, na amekaa ndani akila karanga.

Semboja akasema, "Nyumba ninazo, lakini zote zina wapangaji wenye mikataba, na mimi sivunji mkataba. Binti yangu analala kwenye stoo yangu ya saruji na watoto. Nilijua barua zile zitavunja ndoa yake, nikazileta. Kila nikimtazama siwezi kumwambia nilipata nini badala yake. Kona hii ni ya Namsifu."

Bi Somoe akasema, "Mimi nimechagua ardhi za watu wote mnaowaona hapa. Mwenyewe sina hata pa kuzikwa. Jicho ndilo lililokuwa jembe langu, na nimeliacha kwenye shimo lile pale. Hakuna atakayenilipa tena kumchagulia kiwanja. Sitaki chumba cha mtu, nimechoka kukaa kwa watu. Nataka kufa kwangu."

Mama Hiza akasema, "Mimi ndiye mwenye dhambi hapa, najua mnavyonitazama. Lakini ningeweza kuificha mpaka kaburini, na Bi Mwanamvua asingetoka nyumbani kwake. Nimetoa mgahawa uliolisha watu wanane wa nyumba yangu. Leo siku ya saba sijawasha moto. Kona iko barabarani, naweza kuuza chai kesho asubuhi. Wenzangu hawa wamepoteza. Mimi nimepoteza na bado nina midomo minane."

Mdoe akamvuta mkewe pembeni. "Mpe Semboja," akasema. "Amemtoa mwanawe."

"Na jicho la yule mama?" Chausiku akasema. "Niamke kila siku nimwone na jicho lile moja?"

"Mama Hiza je?"

Chausiku akageuka. Aliwatazama wote watatu, na nawaambia kweli, alitamani kile kiwanja kingechukuliwa Jumatatu ile ile, alie mara moja yaishe. Walikuwa wamekuja kumwokoa, na sasa ilibidi awatupe wawili kati yao kwa mdomo wake mwenyewe. Kila atakayemtaja atakuwa jirani yake mpaka kufa, na wawili wengine watapita barabara ile kila siku.

Jua lilikuwa limeshafika kwenye majani ya mkonge. Kiangio akawasha injini ya tipa.

"Mwanangu," Bi Mwanamvua akasema kutoka kwenye ndoo, "mimi macho yangu gizani hayafai. Jua likizama siwezi kupanda. Taja jina."

Mwenyekiti akaweka mkaa ndani ya shimo la kona. Akanyoosha kijiti cha mnyaa, utomvu unadondoka, na mikono mitatu ikanyooka kukipokea. Chausiku akafungua mdomo.

Nimeishia hapo, na msinikasirikie. Sasa naanzia na wewe uliyekaa karibu na mlango, unayejifanya unafunga kiatu. Jua linazama, tipa linanguruma, na watu watatu wanakutazama wewe. Je, ungemwita nani aje apande?